Mama Mifupa na Babu Fisi

Ndoa ya binti wa fundi saa ilikuwa bado changa, hata zawadi nyingine za harusi hazijafunguliwa, siku mama mkwe alipofunua sufuria uani akakutana uso kwa uso na kichwa cha mbweha.

Alikuwa amekuja asubuhi bila taarifa, kama mama wakwe wanavyojua kuja, kikapu kimejaa mboga na macho yamejaa maswali. Mwanawe, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu hospitalini. Mkwe mwenyewe alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani. Uani palikuwa na jiko la mkaa, na juu yake sufuria kubwa kuliko zote za nyumba ile, inatokota taratibu, povu jeupe linachungulia pembeni mwa kifuniko. Moyo wa mama wa watu ukatulia. Alikuwa amesikia kwamba mkwewe amesoma sana, akahofia mwanawe atalala njaa. Kumbe binti huinjika supu kabla jua halijapanda! Akachukua mwiko aonje chumvi.

Mkwe aliporudi na paketi yake ya sabuni ya unga, alimkuta mama mkwe ameketi kwenye ngazi ya mlango, mwiko bado mkononi, ameushika kama rungu.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. "Mwanangu, kile ni nini?"

"Mbweha, mama. Aligongwa na gari barabarani."

"Mimi nauliza anafanya nini kwenye sufuria."

"Namchemsha nyama iachane na mifupa."

"Halafu nyama mnaila?"

"Hapana, mama. Nyama tunaitupa. Tunahitaji mifupa."

Mama mkwe akawa kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Mwisho akasema, "Dunia nzima watu wanakula nyama, wanatupa mifupa. Mwanangu peke yake ndiye aliyekwenda kuniletea wa kutupa nyama."

Jioni muuguzi aliporudi alikuta kesi inamsubiri. Akaeleza kwa upole, kama anavyoeleza wagonjwa wakaidi: kwamba mke wake ni mwanaakiolojia, kwamba kwenye mapango ya kale hupatikana mifupa ya wanyama walioliwa zamani za kale, kabla ya mashamba na kabla ya miji, na kwamba huwezi kujua kipande cha mfupa ni cha mnyama gani mpaka uwe na mifupa ya wanyama wa leo ya kulinganisha nacho. Jiko la kazini lilikuwa limeharibika, ndiyo maana mbweha akahamia nyumbani.

"Sasa nimeelewa," mama mkwe alisema. "Nimemwita Mama Mifupa kwa hasira, lakini naona jina limemfaa."

Majirani walikuwa wameshalidaka juu ya ukuta. Kabla binti wa fundi saa hajaitwa mama wa mtoto yeyote, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Mifupa, na jina hilo ndilo alilozeeka nalo.

Mwenyewe hakuwahi kupanga kuwa hivyo. Alikuwa akitaka kusoma sheria. Baba yake, mtu mpole mwenye bega moja lililoshuka kwa kuinama miaka yote juu ya saa za watu, alikuwa ameshaanza kuwaambia wateja kwamba binti yake atakuwa wakili. Kibanda chake kilikuwa na upana wa meza na kiti tu, na katika kibanda hicho binti alikulia. Alijua kushika koleo ndogo kabla hajajua kushika kalamu. Skurubu ya saa ikianguka, baba alifunga mlango, na hakuna aliyetoka mpaka ipatikane. Wateja waliokuja kwa haraka zao walijikuta nao wamepiga magoti sakafuni, wanapapasa vumbi na kucheka.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, sheria haikumtaka. Chuo kikuu kikampangia akiolojia, somo ambalo hakuweza hata kulitamka vizuri mbele ya baba.

"Kazi yake ni kufanya nini?" baba aliuliza.

"Kuchimba, baba."

"Mitaro?"

"Vitu vya kale."

Baba akavua lenzi jichoni, akaifuta kwa ncha ya shati. "Basi nenda. Vya kale havikimbii, utavikuta."

Akaenda akiwa amenuna. Na pengine angemaliza miaka yake yote hivyo hivyo, kama si profesa mmoja mrefu, mwembamba, mwenye koti ambalo mifuko yake ilijaa meno ya wanyama badala ya funguo. Wanafunzi walimwita Babu Fisi. Walidhani hajui, naye alijua fika.

Siku ya kwanza darasani Babu Fisi hakusema neno. Alipita akimkabidhi kila mwanafunzi mfupa, kisha akakaa, akasema, "Niambieni mmeshika nani."

Binti akageuza wake huku na huku. Ulikuwa mfupi, mnene, una shimo upande mmoja. "Mbuzi," akasema.

"Kwa nini mbuzi?"

"Kwa sababu ndiye mnyama ninayemjua."

Darasa likaangua kicheko. Babu Fisi hakucheka. "Hilo ni jibu la kweli kuliko yote niliyoyasikia leo," alisema. "Umeshika swala. Mbuzi na swala wanafanana sana, hata mimi hunichanganya. Njoo ofisini nikuonyeshe wanapoachana."

Akaenda. Akaonyeshwa. Ilikuwa ni mstari mdogo kwenye kona ya mfupa, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Alipouona, alisikia kitu kinamshika shingoni kama mtu amemwita kwa nyuma. Kuanzia hapo hakuzungumzia tena sheria.

Likizo iliyofuata Babu Fisi akawachukua pangoni. Mdomo wa pango ulikuwa chini sana, unaingia kwa magoti kama mtu anayetubu. Ukishapita, dari linapaa ghafla na sauti yako inakurudia ikiwa imenenepa. Popo walikaa juu kwa maelfu, na harufu yao ilishika nguo kiasi kwamba hata kufua hakukusaidia. Chini, sakafu ilikuwa imegawanywa kwa kamba katika miraba, na kila mwanafunzi alikuwa na mraba wake, brashi yake na mwiko wake wa mwashi. Walishuka taratibu, tabaka baada ya tabaka: udongo mwekundu, kisha jivu jeupe, kisha jeusi la moto wa watu ambao hakuna anayejua waliongea lugha gani.

Katika jivu hilo ndimo Mama Mifupa alimotoa jino lake la kwanza, jino la pundamilia, refu kama kidole, mikunjo yake bado inang'aa. Alilishika kiganjani, akaketi. Alikuwa akifikiri kwamba mtu wa mwisho kuliona jino lile, kabla yake yeye, alikuwa ameshiba.

Babu Fisi hakukubaliana naye kuhusu huko kushiba, na hapo ndipo hadithi yetu ilipo.

Jina lake la utani halikutoka hewani. Alikuwa na hoja iliyompatia sifa mbali na karibu: kwamba watu wa pango lile hawakuwa wawindaji kamwe. Mabwana wa pango walikuwa fisi. Fisi ndio waliowinda, wakaburura nyama ndani, wakala; watu walikuja baadaye, wakivizia fisi waondoke, wakaokota mifupa mitupu na kuivunja kwa mawe wapate uboho. "Wala makombo," ndivyo alivyowaita, kwa mapenzi kabisa. Ushahidi wake ulikuwa miisho ya mifupa, zile sehemu nene za maungio. Ilikuwa imejaa alama za meno ya fisi, na alama za visu vya mawe zilikuwa chache mno. Hoja hiyo ilifundishwa katika vyuo vingi, na Mama Mifupa mwenyewe aliijibu kwenye mtihani akapata alama za juu.

Alipoanza shahada ya juu, Babu Fisi alimpa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikwepa. Chini ya jengo la idara kulikuwa na ghala lenye dirisha moja tu, tena dirisha lenyewe lilikuwa usawa wa barabara, hivyo kutwa nzima unaona viatu vya wapita njia. Humo mlikuwa na mifuko kwa mifuko ya vipande vya mifupa vilivyotoka pangoni zamani, vyote vimeandikwa neno moja: VISIVYOTAMBULIKA. Vilikuwa ni vipande vya katikati ya mifupa mirefu, vigae tu, havina umbo la kumtambulisha mwenyewe.

"Vipange kwa ukubwa, uvihesabu, uniletee jumla," Babu Fisi alimwambia. "Ni kazi ya kuchosha. Samahani, binti yangu."

Mtu mwingine angevipanga, angevihesabu, angekimbia. Lakini Mama Mifupa alikuwa amelelewa kwenye kibanda ambacho mlango haufunguliwi mpaka skurubu ionekane. Aliona vipande viwili vyenye rangi moja, akavijaribu. Vikaingiana, tk! Akatafuta cha tatu. Akaomba gundi. Akaleta sinia kubwa kutoka nyumbani, akalijaza mchanga, ili vipande vilivyogundishwa visimame wima humo vikauke bila kuanguka. Mama mkwe aliuliza sinia limekwenda wapi. Akaambiwa limeajiriwa serikalini.

Polepole, wiki hadi wiki, viatu vikipita dirishani, vigae vilianza kurudi kuwa mifupa. Paja la nyati. Mkono wa pundamilia. Paja jingine la swala mkubwa. Alipovifuta na kuvitazama kwa lenzi, akaona mistari.

Sasa hapa lazima tueleze kidogo. Jino la fisi likipita kwenye mfupa mbichi huacha mfereji mpana, laini, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye siagi. Kisu cha jiwe huacha mkwaruzo mwembamba, mkali, na ndani yake kuna vijistari vidogo vidogo. Mtu aliyezoea hawezi kuvichanganya. Na mapaja yale yalikuwa yamejaa mikwaruzo ya visu katikati kabisa ya mfupa, mahali ambapo minofu ndiyo mingi. Fisi akitangulia kufika haachi mnofu pajani. Anayekata nyama hapo ni yule aliyeikuta ipo.

Akatazama zaidi. Penye mikwaruzo na mifereji pamoja, mfereji wa jino ulipita juu ya mkwaruzo wa kisu, umeukata, umeufuta kidogo. Kisu kilikuwa cha kwanza. Jino lilikuja baadaye.

Watu walikuwa wamekula wakashiba. Fisi ndio waliookota makombo.

Mama Mifupa akaweka lenzi mezani. Dirishani vilipita viatu vya mwanamke mwenye haraka, kisha vya mzee anayeburura mguu. Alitamani amwite mmoja wao amwambie. Badala yake aliufunika mchanga kwa karatasi, akafunga ghala, akaenda nyumbani akiwa na furaha nusu na hofu nusu.

Mwenzake wa idara, aliyekaa naye meza moja na aliyekuwa mtu wa tahadhari sana, ndiye wa kwanza kusikia fununu. "Dada, shahada yako iko mikononi mwake," alimwambia. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maliza kwanza, vaa joho, ndipo useme."

Kwa siku kadhaa akafuata ushauri huo. Akakonda. Chai ikawa inapoa mbele yake. Asubuhi moja mume wake, aliyekuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, akaiweka pasi wima.

"Wewe unaumwa wapi?"

Akamweleza yote: mapaja, visu, meno, Profesa. "Yule mzee ndiye aliyenitoa gizani," alisema. "Nitakwendaje kumwambia kwamba kazi ya maisha yake imepinda?"

Muuguzi akafikiri. "Hospitali nimeona wagonjwa wengi wamefichwa majibu yao kwa sababu watu wanawapenda. Sijaona hata mmoja aliyepona kwa hilo." Akaendelea kupiga pasi, kisha akaongeza, "Na mficha uchi hazai, mke wangu. Hiyo shahada utaizaaje?"

Akacheka bila kutaka. Akanywa chai yake, ikiwa baridi hivyo hivyo, akaenda.

Ofisi ya Babu Fisi ilijaa vitabu mpaka kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo mgeni alisimama. Alisimama. Mama Mifupa aliweka sinia juu ya meza, mifupa imesimama mchangani kama mishumaa, akasema, "Profesa, vile visivyotambulika vimetambulika."

Babu Fisi akavuta hadubini. Akatazama paja la kwanza. Akatazama la pili. Akaligeuza, akarudi tena kwa la kwanza.

"Umewaonyesha wangapi?"

"Wewe wa kwanza, Profesa. Mume wangu nimemwambia tu."

"Amesemaje?"

"Amesema nije."

Babu Fisi hakuinua kichwa. "Niachie ufunguo wa ghala," alisema. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Akatoka akijua kazi imekwisha. Aliporudi kesho yake, mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kesho kutwa, vivyo hivyo. Katibu wa idara akasema Profesa hapokei simu, hali chakula cha mchana, na amefuta vipindi vyote. Yule mwenzake wa tahadhari akamtazama kwa huruma kama anayetazama jeneza. Mama Mifupa akaanza kuzoea wazo la kwenda kufundisha shule ya msingi.

Wiki ilipokwisha, likatoka tangazo: mhadhara wa Babu Fisi, ukumbi mkubwa, wageni kutoka vyuo vingine wamealikwa.

Mama Mifupa alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Babu Fisi alipanda jukwaani na koti lile lile, macho mekundu kwa kuchungulia lenzi, vidole vimeganda gundi.

"Kuna jambo nimelifundisha kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu," alianza. "Nimekuja kuwaambia si kweli. Na msinipigie makofi ya ujasiri, maana sikuligundua mimi. Nilikuwa na mifuko ile ghalani miaka yote nikaiona takataka. Nimekaa wiki nzima na mifupa yangu mwenyewe nikijaribu kumshinda mwanafunzi wangu. Nimeshindwa." Akanyoosha kidole hadi nyuma. "Yule pale anayejificha karibu na mlango. Njoo, binti yangu. Wasimulie."

Hakumbuki alifikaje jukwaani. Anakumbuka kwamba alianza vibaya, akaanza tena. Alipofika kwenye mapaja, sauti yake ilikuwa imesimama.

Mgeni mmoja mwenye miwani ya dhahabu akainuka. "Hiyo mikwaruzo, si inaweza kuwa ya miiko yenu nyinyi wachimbaji? Mtu amechimba vibaya, amekwaruza mfupa, basi."

"Mkwaruzo mpya ni mweupe, hii ina rangi ya mfupa wenyewe," Mama Mifupa alijibu. "Pili, alama ya jino imepita juu ya mkwaruzo. Kama ni mwiko wetu, basi fisi aliingia ghalani baada yetu akatafuna. Na ghala lile, bwana, hata panya hawalipendi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, kichwa nyuma, mkono umeshika meza, alikuwa Babu Fisi.

Kelele zilipotulia, mzee akainua kidole. "Jambo moja. Mifuko yake yote ni ya tabaka la chini. Tabaka la juu bado ni la fisi. Lile simwachii mtu."

Mabishano ya tabaka la juu yaliendelea kati yao kwa miaka, barua hadi barua, chai hadi chai. Mwishowe Mama Mifupa akalichunguza yeye mwenyewe kwa njia ile ile ya vigae, na akakuta mzee alikuwa sahihi: watu walikuwa wameshahama, fisi wakarithi nyumba. Alipompelekea habari hiyo, Babu Fisi alimwambia arudie kusema, kisha akamwomba aseme mara ya tatu, mke wake asikie.

Shahada ilipatikana, kazi ikapatikana, na alipostaafu Babu Fisi, kiti chake akakikalia Mama Mifupa, ingawa ilibidi kwanza kukitoa vitabu. Mtoto wa kike akazaliwa. Mama mkwe akaja kukaa nao kulea, akakuta uani kumeanikwa nungunungu mzima, mfupa mmoja mmoja, juu ya magunia. Watu wakangoja kelele. Hazikuja. Mama mkwe alivuta kiti kivulini, mjukuu pajani, fimbo mkononi, akalinda.

"Tokeni hapa!" aliwafokea paka wa jirani. "Hamna adabu? Hii si nyama, hii ni elimu!"

Mtoto akakua kati ya mafuvu, na kama ilivyo kwa watoto, hakuyataka kabisa. Akawa fundi wa keki. Mama Mifupa hakulalamika. Alisema angalau mmoja katika nyumba ile anapika kitu kinacholika.

Wanafunzi walimuuliza mara nyingi anamshukuru nani kwa kufika pale. Hakuwa mtu wa hotuba. Aliwaambia yaliyotokea: baba alifunga mlango, mume aliweka pasi wima, na mzee mmoja alijifungia ghalani wiki nzima akatoka na vidole vya gundi. Wakati mmoja alimuuliza Babu Fisi mwenyewe, wakinywa chai kwenye kibaraza chake, kwa nini alisimama mbele ya watu wote vile, ilhali angeweza kukiri kimya kimya katika makala.

Babu Fisi akashangaa swali. "Ningefanya nini? Mifupa ilikuwa mezani." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Halafu nikwambie kitu. Ile wiki nilikuwa mwanafunzi tena. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, nilitaka kukukuta umekosea. Siku ya tatu nilikuwa nasahau kula. Mtu wa umri wangu hapati zawadi hiyo mara mbili. Nilikuwa sijakushukuru?"

"Hukunishukuru, Profesa."

"Basi asante."

Pango lilipowekewa ngazi za mbao na njia ya wageni, Mama Mifupa alikuwa ameshaota mvi. Siku ya kufunguliwa aliazima gari la idara lenye viti vingi. Mbele alikaa na mume wake. Nyuma walikaa Babu Fisi, magoti yamekataa kazi, na mama mkwe, masikio yamekataa kazi, katikati yao chupa ya chai na keki ya mjukuu. Walibishana njia nzima kuhusu dirisha: mmoja alitaka lifunguliwe, mwingine lifungwe.

Pale pangoni wanafunzi wanne walimketisha mzee kwenye kiti cha plastiki wakamwinua. Mama mkwe akawafuata nyuma akielekeza kwa fimbo. "Mbebeni vizuri! Huyo si kabati!"

Mdomo wa pango ulikuwa umechimbwa ukapanuliwa, hakuna tena kuingia kwa magoti. Popo walikuwepo, na harufu yao pia. Walimshusha Babu Fisi kwenye ukingo wa mchimbo, mahali ambapo matabaka yanaonekana ukutani kama keki iliyokatwa. Mama Mifupa akaanza kuwaeleza wageni: watu walioleta nyati, moto wao, visu vyao, mapaja yenye mikwaruzo, kisha kuhama kwao, na fisi walioingia baadaye. Mzee alisikiliza kidevu juu ya mkono. Mama Mifupa alipokosea kidogo rangi ya tabaka moja, mzee akamsahihisha kwa sauti ya juu, naye akakubali mbele ya wote.

Mama mkwe akavuta shati la profesa. "Sasa baba, hao watu wa kale, baada ya kula nyama, mifupa waliifanyaje?"

"Waliitupa, mama."

"Wote?"

"Wote."

Mama mkwe akamgeukia mkwewe, akamtazama kwa muda mrefu, kwa upendo mtupu. "Unasikia? Walikuwa watu wazima."

Babu Fisi alicheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke na kiti. Ilikuwa safari yake ya mwisho pangoni. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, aliaga dunia akiwa usingizini, meno ya pundamilia mfukoni mwa koti lililotundikwa mlangoni. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa akifikiri hayo. Waliwanywesha wazee chai, wakawapakia garini, wakaanza kurudi jua likiwa bado liko juu.

Walikuwa hawajafika mbali, muuguzi akageuka nyuma, akatabasamu. Mabishano ya dirisha yalikuwa yamekwisha, likiwa nusu wazi. Babu Fisi alikuwa ameegemea kioo, kinywa wazi. Mama mkwe alikuwa amemwegemea begani, na mtandio wake ulikuwa umewafunika magoti wote wawili.

"Wamelala?" Mama Mifupa aliuliza kwa kunong'ona, macho barabarani.

"Fofofo."

Mbele kulikuwa na kipande kibovu, mashimo matupu. Akapunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa kama konokono. Nyuma yake watu wakaanza kupiga honi. Akawasha taa ya pembeni, akawapisha wote wapite, kisha akalipeleka gari shimo kwa shimo, taratibu, kama aliyebeba sinia la mchanga.